Deni la Karafuu na Kiti Kilichokosekana Barazani

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haikuteremshwa kwa ajili ya Sala, wala Saumu, wala Hija. Ni aya ya deni, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara. Humo Mwenyezi Mungu anatuamrisha kwamba tunapokopeshana kwa muda maalumu tuandikiane, tuweke mashahidi, na mwandishi asikatae kuandika. Lakini limo jambo moja ambalo wengi wetu hulipita mbio tunaposoma. Anayetakiwa aseme yale yatakayoandikwa ni yule mwenye kudaiwa, si mwenye kudai. Na ikiwa mdaiwa huyo ni dhaifu, au hawezi kusema mwenyewe, basi walii wake amsemee kwa uadilifu.

Hekima ya amri hii haikufichikana. Mwenye mali ana nguvu zake tangu mwanzo, kwani ndiye anayetoa na ndiye anayeweza kukataa. Mdaiwa hana nguvu ila maneno yake. Akinyimwa na hayo, karatasi itaandikwa inavyopenda upande mmoja, naye atatia kidole gumba chini ya jambo asilolijua.

Katika makala haya tunataka kukumbusha kisa cha Unguja cha miaka ya 1930, ambapo jambo hili lilionekana mara mbili: mara ya kwanza katika hati za mikopo ya mashamba, na mara ya pili katika Baraza lenyewe lililotunga sheria za kuwaokoa wadaiwa. Wazee waliokishuhudia sasa karibu wote wametangulia mbele ya haki, lakini mafunzo yake hayajapitwa na wakati.

Shamba na mkopo

Karafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan ndiye aliyewahimiza watu kuipanda kwa wingi. Kimbunga cha 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo yenye mavuno makubwa zaidi. Hata hivyo, mashamba ya Unguja yalifufuliwa upande wa magharibi na kaskazini, kwenye udongo mzuri, na biashara yote ya visiwa viwili iliendelea kupitia Mjini. Karafuu ikisafirishwa kutoka bandarini Malindi, serikali inapata ushuru. Karafuu ikianguka bei, serikali na raia wote wanaumwa.

Mkarafuu ni mti wa tamaa na wa khofu. Mwaka mmoja huzaa hata matawi yakainama, na mwaka wa pili hutoa kidogo sana. Tena karafuu haingoji. Isipochumwa kabla ya ua kufunguka, thamani yake imekwenda. Basi mwenye shamba hulazimika kuwa na fedha mkononi kabla hajauza hata pishi moja: fedha za kupalilia, za kuwalipa wachumaji, za majamvi ya kuanikia, na za chakula cha nyumba yake. Baada ya utumwa kupigwa marufuku 1897, kazi zote hizi zilitaka ujira, na mashamba mengi yalikuwa ya watu waliokuwa na miti lakini hawana fedha.

Fedha zilitoka wapi? Zilitoka dukani. Mwenye duka wa shamba, aghalabu Muhindi, alimkopesha mkulima mchele, nguo na rupia, kwa ahadi ya kulipwa kwa karafuu msimu ukifika. Mwenye duka naye alikopa kwa tajiri wa Mjini. Minyororo hii ndiyo iliyoiendesha biashara ya karafuu kwa miaka mingi, na insafu inatutaka tuseme kwamba bila ya fedha hizo karafuu nyingi zingeoza mitini. Wakopeshaji hawakuwa wote Wahindi, na Wahindi hawakuwa wote wakopeshaji. Na miongoni mwa Wahindi hao walikuwamo Waislamu wengi, Mabohora, Makhoja na wengineo.

Bei ya khiyari

Sasa tuje kwenye mas-ala yenyewe. Riba ni haramu, na kila mtu wa pwani alijua hivyo. Kwa hivyo mikopo mingi mikubwa ya mashamba haikuitwa mikopo. Iliitwa mauzo, na ilikuwa ikifanywa kwa mtindo wa bei ya khiyari.

Tuchukue mfano. Tuseme mtu ana shamba, anataka rupia 1,000. Huenda kwa mwenye fedha, na huandikwa hati kwamba amemuuzia shamba lile kwa rupia 1,000, lakini ana khiyari ya kulikomboa kwa bei hiyo hiyo ndani ya muda fulani. Shamba haliondoki mkononi mwake. Anabaki humo humo, analima na kuchuma, ila sasa amekuwa mpangaji katika shamba lake mwenyewe, na kila mwaka anamlipa "mnunuzi" kodi. Muda ukimalizika naye hakurejesha rupia 1,000, khiyari imekwisha na shamba limekwenda.

Msomaji ataona mwenyewe. Fedha zimetoka, zitarudi zile zile, na katikati yake kuna malipo ya kila mwaka. Jina ni kodi, lakini hesabu ni ile ile. Jambo hili halikuwa la Unguja peke yake. Hadhramaut linajulikana kwa jina la uhda, na katika vitabu vya fiqhi liko linalofanana nalo linaloitwa bei ya wafaa. Maulamaa wamelizungumza kwa karne nyingi. Wako walioliruhusu kwa masharti, kwa kuona haja za watu, na wako waliolikataa kwa kuona kuwa ni hila ya kuipitisha riba mlango wa nyuma. Hapa hatukusudii kutoa fatwa. Tunachosema ni kwamba hati ilisomeka kama mauzo ya watu wawili walioridhiana, na yule aliyekuwa na shida hakuwa na pahala pa kusema katika hati hiyo kwamba yeye hakuuza, bali alikopa.

Bei ya karafuu ilipokuwa nzuri, katika miaka ya 1920, watu walikopa kwa wepesi na wakopeshaji wakatoa kwa wepesi. Kisha dunia nzima ikaingia katika mdororo wa biashara ulioanza 1929. Bei ikaporomoka. Deni lililoandikwa wakati wa neema likabaki vile vile, lakini frasila ya karafuu haikuweza tena kulilipa. Hapo ndipo maneno ya wazee yalipothibiti: kukopa harusi, kulipa matanga.

Waliokaa Barazani

Wakati huo Unguja ilikuwa na Baraza la Kutunga Sheria. Lilianzishwa 1926, katika enzi ya Sayyid Khalifa bin Harub, na mkuu wa vikao vyake alikuwa Balozi wa Kiingereza. Maafisa wa serikali ndio waliokuwa wengi, kwa hivyo jambo ambalo serikali imeliazimia haliwezi kushindwa kwa kura. Wajumbe wasiokuwa maafisa walikuwa sita: Waarabu watatu, Wahindi wawili, na Mzungu mmoja. Wote waliteuliwa; hakuna aliyechaguliwa na watu.

Sensa ya 1931 ilihesabu watu wapatao 235,000 katika visiwa viwili. Wahindi walikuwa kiasi cha 15,000, na Wazungu hawakufika 500. Walio wengi walikuwa ni watu wa visiwani na Waafrika waliotoka bara: wakulima wadogo, wavuvi, wachumaji wa karafuu, makuli wa bandarini, mafundi. Hawa wote hawakuwa na kiti hata kimoja.

Ndani ya Baraza hilo ndipo lilipofikishwa suala la deni. Serikali ilikuwa imekwisha kuleta wachunguzi. Sir Alan Pim alikuja 1932 kutazama hali ya fedha za nchi, na maafisa wengine walitazama madeni ya wakulima. Khofu ya serikali ilikuwa kwamba mashamba yatahama kutoka kwa Waarabu na Waafrika yaende kwa wenye fedha.

Mwaka 1934, Balozi akiwa Sir Richard Rankine, Baraza lilipitisha sheria kadhaa kwa pamoja. Mojawapo ilizuia shamba la Mwarabu au Mwafrika lisiuzwe kwa mtu asiyekuwa wa makundi hayo mawili ila kwa idhini ya Balozi. Sheria hiyo hiyo iliwapa mahakimu ruhusa ya kutazama nyuma ya hati, wasikilize ushahidi wa mdomo, wajue kama yaliyoitwa mauzo yalikuwa mauzo kweli au ni mkopo. Madai ya madeni ya mashamba yakasimamishwa kwa muda. Sheria nyengine ziliwawekea leseni wasafirishaji wa karafuu, na zikaipa nguvu kubwa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyokuwapo tangu 1927, na ambayo watu waliizoea kwa herufi zake, CGA.

Wajumbe wa Kihindi walipinga. Mmoja katika viongozi wao wa wakati huo ni Tayabali Karimjee, mtu wa nyumba mashuhuri ya biashara. Hoja za upande huo, zilizosemwa na kuandikwa kila pahala, zilikuwa na uzito. Walisema sheria hizi hazikuwatenganisha wakopeshaji waadilifu na wadhalimu, bali ziliwatenganisha watu kwa asili zao. Muhindi aliyezaliwa Unguja, ambaye baba yake na babu yake wamezikwa Unguja, amefanywa mgeni. Na walisema kwamba mkulima asiyeweza kuweka shamba lake rehani hatapata mkopo kwa mtu yeyote, kwa hivyo sheria ya kumwokoa itamkosesha fedha za kuchumia.

Upande wa wenye mashamba, wajumbe wa Kiarabu waliziunga mkono sheria hizo, na wao pia walikuwa na hoja. Mtu akiona ardhi ya wazee wake inakwenda kwa karatasi asiyoweza kuisoma, hawezi kuambiwa angoje hata biashara ya dunia itengenee. Sheria zikapita.

Tutazame vizuri. Mkopeshaji alikuwa na wa kumsemea. Mwenye shamba kubwa alikuwa na wa kumsemea. Serikali ilijisemea wenyewe. Lakini yule mwenye mikarafuu kumi au ishirini, na yule mchumaji anayetoka Makunduchi au Jambiani kwenda kuchuma wakati wa msimu, nani aliyewauliza? Sheria zilitungwa kwa jina lao, na wao hawakuwapo. Hati ya deni iliandikwa bila ya maneno ya mdaiwa, na sheria ya kuirekebisha hati hiyo nayo ikaandikwa bila ya maneno yake.

Malindi, Februari 1936

Matokeo yake hayakuchelewa, na yalianzia pahala ambapo hapakutazamiwa. Pamoja na karafuu, watu wa Unguja walitegemea mbata. Serikali ilitaka mbata za Unguja ziwe na sifa njema katika masoko ya nje, ikaweka sheria ya ukaguzi: mbata zisizokauka vizuri zikataliwe. Nia ilikuwa njema, na hakuna Muislamu anayeweza kutetea bidhaa mbovu, kwani ghishi ni haramu. Lakini mtu aliyekausha mbata zake kama alivyofundishwa na baba yake, akazileta Mjini akaambiwa arudi nazo, alijua nini khabari ya masoko ya nje? Hakuna aliyemweleza kabla, na hakuna aliyemsikiliza baadaye.

Ijumaa tarehe 7 Februari 1936 zogo lilizuka Malindi kwenye ukaguzi wa mbata. Wamanga, waliokuwa katika biashara hiyo, wakapambana na askari. Watu waliuawa, miongoni mwao afisa mmoja wa serikali wa Kizungu. Tume iliundwa kuchunguza, kama inavyokuwa siku zote baada ya roho kupotea. Kumuuliza mtu kabla ni rahisi kuliko kuunda tume baada.

Sisi hatuhalalishi kumwaga damu. Lakini ni wajibu wa mwenye kutawala ajue kwamba kero isiyopata mlango wa kutokea hutafuta dirisha, na aghalabu hulivunja.

Msuso na sulhu

Ugomvi wa karafuu nao ukazidi. Serikali ya India ilikwisha kumtuma mtu wake, K. P. S. Menon, 1934, naye akaandika kwamba sheria hizo zinawadhuru Wahindi wa Unguja. Mwaka 1937 sheria mpya ikaipa CGA peke yake haki ya kununua karafuu kwa wakulima. Wafanya biashara wa Kihindi wakasusia biashara ya karafuu, na chama cha Congress huko India kikawaunga mkono na kuwataka watu wasitumie karafuu za Unguja. Nayo India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa karafuu zetu.

Basi likawa kama lilivyosemwa: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. CGA ilikuwa na karafuu ghalani. Tajiri alikuwa na subira, kwani mwenye akiba anaweza kungoja. Serikali ilikuwa na fakhari yake. Asiyeweza kungoja ni mkulima mwenye watoto.

Mwaka 1938 pande zilikaa kitako, zikazungumza, zikafikia makubaliano. Wafanya biashara wakarudi katika biashara kwa sharti la kununua sehemu ya karafuu kwa CGA, na CGA ikabaki kuwa kinga ya mkulima bei inapoanguka. Katika mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kusuluhisha madeni ya mashamba. Haikutosha tena kusimamisha madai na kuwaacha watu wakitazamana. Madeni yakawekewa njia ya kuchunguzwa na kumalizwa.

Yale yaliyopatikana 1938 baada ya miaka minne ya uadui yangeweza kutafutwa 1934 kwa mazungumzo. Hatusemi kwamba yangepatikana kwa wepesi. Lakini sheria iliyopitishwa kwa wingi wa maafisa, bila ya pande zote kusikilizwa, ilibidi irudiwe. Mwenyezi Mungu amewasifu waumini katika Suratu Shura kwa kuwa mambo yao ni kwa kushauriana, na sifa hiyo ameitaja baina ya kusimamisha Sala na kutoa katika alivyowaruzuku. Kushauriana si adabu tu. Ni katika ibada.

Kiti cha 1946

Miaka ishirini ilipita tangu Baraza kuanzishwa kabla ya kiti kilichokosekana kuwekwa. Mwaka 1946 Sheikh Ameri Tajo wa Makunduchi aliteuliwa, akawa mjumbe wa kwanza wa Kiafrika katika Baraza la Kutunga Sheria. Hakuwa tajiri wa Mjini wala afisa. Alikuwa mwalimu wa dini, mtu wa upande ule wa Unguja wenye mawe na mtepe wa udongo, ambao watu wake walikuwa wakienda kuchuma karafuu za wengine. Mwaka 1947 akaongezwa mjumbe wa pili, Ali Sharif wa Pemba. Mwaka 1957 watu walipopiga kura kwa mara ya kwanza kwa viti sita, Sheikh Ameri Tajo alirudi Barazani, mara hii si kwa kuteuliwa bali kwa kuchaguliwa na watu wa kusini mwa Unguja.

Kiti kimoja, au viwili, havikuondosha kila dhulma. Maafisa walibaki kuwa wengi kwa miaka kadhaa, na historia ya Unguja iliyofuata ilikuwa na misiba yake ambayo si ya makala haya. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya Baraza ambalo mdaiwa anazungumzwa na Baraza ambalo mdaiwa anazungumza. Walii aliyetajwa katika aya ya deni ndiye huyu: mtu anayejua shida ya yule anayemsemea, na anayesema kwa uadilifu, si kwa kutafuta cheo.

Tujitazame wenyewe

Nduguzanguni, ni rahisi kuwalaumu waliopita. Tutazame nyumba zetu. Je, hatuna leo mikopo iliyopewa majina mazuri? Mtu ana shida ya mgonjwa, anamwendea jirani, na jirani ananunua pete yake au cherahani yake kwa nusu ya thamani, kwa ahadi ya kumrudishia akileta fedha na nyongeza. Yanaitwa mauzo, yanaitwa msaada, yanaitwa shukrani. Tubadilishe majina tunavyotaka. Mwenye kuhesabu hadanganyiki kwa majina.

Na je, katika familia zetu, mirathi inapogawiwa, au nyumba ya urithi inapouzwa, yule dada aliyeolewa mbali anaulizwa, au analetewa karatasi atie saini? Katika kamati za misikiti na madrasa, walimu wanaopokea ule mshahara mdogo wana pahala pa kusema, au huamuliwa na wenye mifuko?

Leo Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi, lililoanza 1980, na viti vyake vinajazwa kwa njia nyengine kabisa na zile za 1926. Anayekaa humo, na anayempeleka humo, wote wawili wamebeba amana. Wa kwanza akumbuke kwamba sheria ya fedha, ya ushuru au ya bei huishia katika chungu cha mtu asiyekuwapo ukumbini. Wa pili akumbuke kwamba kumpeleka mtu asiyejua shida yake ni sawa na kutia kidole gumba katika hati asiyosomewa.

Na anayedai naye amesahiliwa njia. Katika sura ile ile ya Al-Baqara, aya ya 280, tumefundishwa kwamba mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda hata afarijike, na kumsamehe ni kheri zaidi. Lau wakopeshaji wa Unguja wangetangulia kulifanya hilo bei ilipoanguka, huenda pasingekuwa na haja ya sheria za 1934, wala msuso wa 1937. Na lau waliotunga sheria wangemwita mkulima mdogo akae nao japo kwenye jamvi, huenda damu ya Malindi isingemwagika.

Tuandike madeni yetu, na tumwache mdaiwa aseme. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.